Nilivyoisoma milango ya bondeni kabla mdogo wangu hajanunua nyumba

Mdogo wangu na mumewe walipata nyumba ya kununua pembezoni mwa Fuoni, hapa Unguja, upande wa bondeni: vyumba vitatu, bati jipya, kisima uani, na bei ya chini kuliko nyumba za juu yake. Muuzaji aliapa kuwa maji hayajawahi kuingia. Shemeji akanipigia simu: "Shemeji, njoo ututazamie kabla hatujatoa pesa." Mimi ni fundi seremala, si mhandisi, lakini milango nimeishughulikia miaka mingi, na mlango haufichi habari za maji.

Niliwaambia tusubiri mpaka masika yakolee. Mvua za Machi zinadanganya, ardhi bado ina kiu na maji yanazama. Ikifika mwisho wa Aprili ardhi imeshiba, mvua ileile inabaki juu ikitafuta pa kwenda. Anayekwenda kukagua kiwanja cha bondeni wakati wa kaskazi, jua kali na vumbi tele, hajakagua kitu.

Siku tuliyokwenda, mto niliuacha kwanza, nikapita uchochoroni nikitazama miimo ya milango. Mbao za zamani, imara, lakini kipande cha chini kimekatwa na kuungwa mbao nyingine. Kwenye nyumba moja ungesema mchwa. Mimi nilifuata kiungo kile nyumba hadi nyumba: karibu na mto kiko magotini, ukipanda kidogo kinashuka, ukipanda tena kiko kwenye kifundo cha mguu, na mbele ya duka la juu hakipo kabisa. Mchwa hawali kwa mpangilio huo. Maji yakisimama yanasawazika, ardhi ndiyo inayopanda, na wale mafundi walioziunga mbao bila kujua wameuchora mstari wa mafuriko mtaa mzima.

Nyumba tuliyokuja kuitazama ilikuwa na mlango mpya wa chuma. Kuta za ndani zimepakwa rangi ya mafuta mpaka kiunoni, na soketi zote zimepandishwa kifuani. Mtu hapandishi soketi kwa urembo.

Jirani alikuwepo bibi mmoja amekaa barazani anachambua mchele. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, sikumuuliza kama maji yanaingia, maana ukiuliza hivyo mbele ya muuzaji kila mtu analinda thamani ya mtaa wake. Nilimuuliza, "Bibi, zile mvua za 2024 mlilala wapi?" Akajibu bila hata kuinua macho: "Skuli, mwanangu. Magodoro tuliyatia juu ya makabati, kuku tukawasahau." Kwa sheha, kiongozi wa mtaa, nilipita vilevile, akanithibitishia.

Hapo wengi wangeondoka. Mimi nilitaka kujua kwa nini maji yanasimama pale, kwa sababu pengine sababu inarekebishika.

Mito yetu ya Unguja haifanani na Rufiji. Inatoka kwenye miinuko ya katikati, inakwenda safari fupi, na mingi inazama kwenye mawe ya matumbawe kabla haijaiona bahari. Mwera ndio unaojulikana zaidi. Kwa hiyo swali la maana ni maji yanatokea wapi, kuliko mto ni mkubwa kiasi gani. Njia ya kutokea ikiziba, hata kijito cha kuruka kwa hatua moja kinageuka ziwa. Waliowahi kukwama Mwanakwerekwe au Kibonde Mzungu wakati wa masika wanaelewa. (Na kwa walio mjini, ambako mitaro inamwaga baharini, angalieni mwezi pia. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapanda karibu mita nne, nayo hujaa kama saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, mtaro hauna pa kumwaga.)

Nikateremka mpaka kwenye kalvati, tundu la kupitishia maji chini ya barabara. Nusu ya mdomo wake imejaa makumbi ya nazi, chupa na nepi. Hilo linazolewa. Lakini nilikuja na mpira mwembamba wa maji, ule mafundi wanaosawazishia msingi, nikapima kizingiti cha nyumba dhidi ya mgongo wa barabara. Kizingiti kilikuwa chini kwa sentimita 40. Maana yake, kalvati likizidiwa, barabara inakuwa ukuta wa bwawa, na maji yatakuwa sebuleni kabla hayajapata kuvuka barabara. Uchafu unaweza kuuzoa kila Jumapili, barabara huiteremshi.

Shemeji akasema labda mvua za namna ile hazirudi. Nikamfanyia hesabu ya bati. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema mvua kubwa, inazungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita kumi kwa kumi, basi, linamwaga lita 5,000, tangi zima kubwa jeusi, kutoka nyumba moja. Sasa hesabu mabati yanayoezekwa kule juu ambako zamani kulikuwa na mihogo na minazi. Hata mvua isipoongezeka, bonde litapokea zaidi.

Bado alikuwa anaipenda ile nyumba, kwa hiyo tahadhari ya mvua ilipotolewa tulikwenda tena. Nilichomeka mwanzi kando ya kalvati, nimeuchora alama kila sentimita kumi. Mvua ilipiga tangu adhuhuri, ikakatika baada ya alasiri. Watu wakatoka nje, watoto wakaanza kucheza. Nikamwita shemeji atazame mwanzi: alama zilikuwa zinaendelea kumezwa, moja baada ya moja, mvua haipo. Yalikuwa maji ya juu, ndiyo kwanza yanafika. Tukawaambia jirani wazime swichi kubwa na wanyanyue vitu. Yalipanda mpaka magharibi, yakasimama kwenye baraza ya yule bibi. Safari hii ndani hayakuingia.

Shemeji hakusema neno njia nzima. Walinunua vyumba viwili juu ya lile duka, kwa pesa nyingi zaidi, na mpaka leo ananinunia kidogo.

Ile ya bondeni ilipata mtu mwingine. Nilimtafuta, lakini alikuwa ameshatoa arbuni. Tukakubaliana nimtengenezee ubao wa mvule wa kuchomeka mlangoni, na mifereji miwili nikaifunga kwenye ukuta, kila upande wa fremu, nikaizungushia tyubu ya baiskeli izibe pembeni. Kwa saa chache utazuia. Lakini nilimwambia kabla ya ubao ainue mdomo wa karo, shimo la maji machafu, kwa sababu maji yakikosa mlango yatapandia chooni.