Mtu wa harusi kaingia kiwandani

Mimi nimetokea kwenye harusi. Miaka kama 6 hivi nimeshuti sendofu, kicheni pati, kipaimara, ubatizo, maulidi, kila kitu, na anayezijua harusi za Dar anajua mtu wa video pale ukumbini ni bosi mdogo, unamsimamisha bibi harusi mlangoni unamwambia dada rudi nyuma uingie tena taratibu, na anarudi kweli, na MC anasubiri, na wazazi nao wamesimama na vigelegele vyao wanasubiri. Sasa chukua mtu mwenye tabia hiyo umpeleke kushuti kiwanda cha saruji.

Siku ya kwanza nikamwambia fundi mmoja kaka naomba usimamishe mkanda wa kubebea mawe kidogo nipange kamera. Aliniangalia kama nimemwomba asimamishe mvua. Akaniita pembeni akanieleza kwa upole tu kwamba mkanda ule unalisha kinu, kinu kinasaga mawe, unga wake ndo unaenda kwenye tanuru, na humo tanurini mawe yanachomwa kwenye nyuzi karibu 1,450, halafu hilo tanuru ni bomba refu la chuma linazunguka usiku na mchana, likisimama ghafla likiwa la moto linaweza kupinda. Kwa hiyo hapa kaka, akasema, kamera ndo inausubiri mkanda. Basi nikasubiri, na toka siku hiyo nasubiri.

Hizi kazi za kushuti viwandani na kwenye miradi zimeongezeka sana siku hizi, nadhani ni kwa sababu watu wameona video za reli ya SGR na za Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mitambo 9, megawati 2,115, droni inapita juu ya ukuta wa zege na muziki wa kishujaa nyuma, sasa kila mkandarasi hata anayejenga uzio anataka "ile kama ya Rufiji" na bajeti aliyokuja nayo ni ya kipaimara. Halafu droni yenyewe wanadhani ni kutoa kwenye begi na kurusha. Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi, na hata ukiwa na makaratasi yote, ukiiweka chini kwenye zege lenye nondo inakataa kupaa, dira yake inachanganyikiwa na chuma, inakwambia zungusha, unazungusha, inakwambia zungusha tena, mafundi wamejipanga wanakuangalia unavyocheza ngoma na kitu cha plastiki. Dawa yake ni kwenda kurushia mbali na vyuma, kwenye udongo mtupu, lakini hilo nimelijua baada ya aibu.

Tuko watatu. Mimi kamera, jamaa wa sauti tunamwita Fundi Maiki, na dogo mmoja wa kubeba na kufanya kila kisichokuwa na mwenyewe. Getini tunafika saa 12 na nusu asubuhi na kamera inawashwa labda saa 4, usishangae. Hapo katikati mnakaa chumbani mnafundishwa usalama, mnajibu maswali kwenye karatasi, mnapuliza kipima pombe, mnabandikwa stika kwenye helmeti, halafu mlinzi anaandika kila kifaa na namba yake. Namaanisha kila kifaa. Lenzi, betri 14, chaja, kadi. Mwanzoni nilikuwa namharakisha, nikaandikisha "begi moja la kamera" ili tuwahi, jioni nikatoka nalo mlinzi anasema hiyo lenzi haijaandikwa humu kwa hiyo ni mali ya kiwanda. Tulikaa pale hadi giza. Sasa hivi naja na orodha nimeiprinti nakala 2 na shikamoo ya nguvu.

Vumbi sitaliongelea sana, inatosha kusema usibadilishe lenzi ndani, nenda kwenye gari funga vioo ndo ubadilishe, na usifute kioo kwa kitambaa kabla hujapuliza maana lile vumbi linakwaruza kama msasa. Dogo alisikia kupuliza akaenda kuazima ile hose ya kompresa wanayosafishia mashine. Akaipuliza kamera yangu kwa upepo wa kompresa jamani. Vumbi lililokuwa nje lote likaingia ndani, vitufe vikawa vinalia kama vinatafuna karanga. Sikumfokea, niliondoka kidogo nikaenda kusimama kwenye kivuli.

Dogo huyohuyo alikaa anawaangalia wachomeleaji kwa macho makavu, anasema moto ni mzuri kaka, bluu ile. Usiku saa 6 ananipigia macho kama yamejaa mchanga hawezi kuyafumbua. Ndo ulivyo mwanga wa kuchomelea, mchana hausikii kitu, unakudai usiku.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu aliniambia, na ndo sababu ya kuandika yote haya. Harusini ukimaliza kushuti anayeangalia kwanza ni bibi harusi. Kiwandani anayeangalia kwanza ni mtu wa sefti, yaani wa usalama kazini. Kazi yetu ya kwanza kubwa tulikaa siku 3, nikapata shoti moja ambayo mpaka leo naiota, jua la asubuhi linaingia kwenye matundu ya bati, vumbi limekaa hewani kama moshi wa ubani, jamaa anapita katikati na koleo begani, taratibu, kama nimempanga na sijampanga. Dada wa sefti akakaa na mimi kwenye kompyuta, mpole tu, ana daftari. Shoti ikaanza, hata sekunde 3 hazijaisha akasema toa. Natoa nini dada? Akaweka kidole kwenye kona ya juu kulia, nyuma kabisa, mtu mdogo kama punje ya mchele amesimama kwenye ngazi bila mkanda wa kumshika. Mimi hata sikuwa nimemwona. Yeye hakuona jua wala moshi, alimwona yule tu. Akaniambia kaka hii ikitoka siyo tangazo tena, ni ushahidi, mkaguzi wa OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, anaweza kuniuliza mimi huyu ni nani na wewe ulikuwa wapi.

Tukaenda hivyo futeji nzima. Toa, huyu hana glavu. Toa, miwani kaipandisha kwenye helmeti. Toa, huyu kamba ya kidevuni haijafungwa, na huyo wa kidevuni alikuwa Fundi Maiki wetu mwenyewe, katokea kwenye kioo. Kwa siku 3 za kushuti tulibaki na dakika kama 11, na nusu yake ni mashine tupu. Nilikasirika sana ile siku, nikasema hawa watu hawaelewi sanaa, siku ya pili yake nikakumbuka yule mtu kwenye ngazi hasira ikapungua. Kwa sababu kweli nilisimama pale dakika 10 nikiangalia upande ule ule na sikumwona.

Kwa hiyo sasa nikiweka jicho kwenye kamera nasoma kwanza mikono, macho, kichwa, miguu, halafu nyuma kabisa kwenye ngazi, ndo nije kwenye mwanga. Ni tabia ya ajabu, juzi nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu nikajikuta namwangalia mpambaji kasimama juu ya meza ya plastiki anafunga vitambaa, nikashindwa kula.

Na hapo ndo linakuja suala la nyuso. Mteja anataka nyuso za watu, "tuoneshe watu wetu", na watu wake wamevaa miwani, barakoa, helmeti, vizibo masikioni, unabaki na kipande cha pua. Tulipangiwa kaka mmoja wa makamo wa upande wa kinu, mtu mcheshi, anaongea vizuri, tukamvalisha maiki ndogo (chini ya ovaroli, siyo kwenye kizibao cha reflekta, ile velkro yake ya kunata inasugua inaharibu sauti yote). Kamera inaanza tu, anavua barakoa na miwani. Namwambia kaka vaa tafadhali. Anavaa. Tunaanza, anavua tena. Mara ya tatu nikamuuliza kwa nini unavua, akasema "Sasa mama atanijuaje?"

Kumbe alishampigia simu mama yake Nachingwea, kamwambia atatokea kwenye TV. Siyo TV, ni video ya dakika 4 ya kuoneshwa kwenye mkutano wa wakubwa hotelini, lakini mimi ni nani nimharibie.

Sauti ya pale kwenye kinu ilikuwa haifai vilevile. Ni mipira ya chuma inagongana ndani ya pipa kubwa kuliko basi, Fundi Maiki akavua hedifoni akatikisa kichwa tu. Hapo huwa tunafanya hivi, tunarekodi kinu peke yake dakika moja, mtu tunamshuti akiwa kazini kavaa vyote bila kuongea, halafu maneno tunaenda kuyachukua ndani ya gari. Hamna studio nzuri kama gari limefungwa vioo, viti vya kitambaa, injini imezimwa, tatizo ni kwamba dakika 5 zinatosha kuwachemsha wote. Tukaongea naye humo, jasho linatiririka, akasimulia vizuri kuliko nilivyotarajia, na bado alikuwa anapiga kelele kwa sababu miaka yote anaongea na watu wenye vizibo masikioni.

Tulipotoka getini kwenda kula kwa mama ntilie naye akaja, zamu imeisha, kanawa uso, kavaa shati lake. Nikamkalisha pale kwenye benchi upande wa kivuli, ukuta wa turubai la bluu nyuma, nikampiga picha na video fupi anasalimia, shikamoo mama, mimi mzima, kazi inaendelea. Nikamrushia WhatsApp hapohapo, akamtumia mpwa wake mwenye simu kubwa kule kijijini. Wali maharage haujaisha kwenye sahani sauti ya mama ikarudi, akaifungulia spika wote tusikie.

"Mbona umekonda hivyo mwanangu, huko hawakupi chakula?"