Kumbukumbu ya mradi wangu wa majina ya maradhi: kadi ya saratani

Kadi ya saratani imekamilika, na imejaa pande zote mbili. Utaratibu haujabadilika: jina moja la ugonjwa, kadi moja, nalifuata nyuma hadi njia iishe. Safari hii nimelazimika kuiweka kansa humo humo, maana haya ni majina ndugu.

Kansa tumeipata kwa Waingereza, saratani kwa Waarabu, na yote mawili maana yake ni kaa, huyu huyu wa ufukweni. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, yaliita uvimbe na vidonda visivyopona karkinos, yaani kaa. Celsus, Mrumi aliyeandika juu ya tiba kwa Kilatini katika karne ya 1 BK, akatumia cancer, kaa vilevile. Upande wa mashariki wasemaji wa Kisiria, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, walikuwa na sartana, na Waarabu saratan. Baghdad ya karne ya 9, mfasiri Hunayn ibn Ishaq na wenzake walihamisha vitabu vya Galen, tabibu Mgiriki wa enzi ya Warumi, kutoka Kigiriki kwenda Kisiria na Kiarabu, na kaa akavuka pamoja navyo. Ndiyo maana hata wanajimu wetu humwita Saratani aliyezaliwa chini ya nyota ya Kaa.

Sehemu iliyonikalisha sana ni hii: kwa nini kaa, si mdudu mwingine? Galen alitazama saratani ya titi, akaona mishipa iliyovimba ikitawanyika pembeni kama miguu ya kaa. Ibn Sina, tabibu wa enzi za kati, katika kitabu chake cha tiba Al-Qanun, anataja sababu mbili: umbo hilo la mishipa, na tabia ya ugonjwa kung'ang'ania kiungo kama kaa anavyong'ang'ania windo. Mimi niko na Galen. Kung'ang'ania hata kupe anajua.

Pembeni nimenakili shauri moja la Hippocrates linalonitisha kidogo: saratani iliyojificha ni heri isitibiwe, kwani wanaotibiwa hufa upesi, wasiotibiwa huishi zaidi. Tukikumbuka kwamba tiba ya wakati ule ilikuwa kisu na chuma cha moto, namwelewa.

Onkolojia, elimu ya saratani, nimeipa mstari mmoja tu: inatokana na onkos, uvimbe au mzigo kwa Kigiriki.

Inayofuata ni belghamu. Tayari najua Waarabu waliichukua kwa Wagiriki, kutoka phlegma, kwa hiyo nitarudi Baghdad tena.