Benchi la Jumapili ya tano

Leo ilikuwa Jumapili ya tano ya mwezi. Kanisani kwetu hapa Nakuru hiyo ina maana moja tu: hakuna ibada ya Kiingereza ya asubuhi na mapema, vijana hawaendi kwenye ukumbi wao, na watoto hawatolewi kabla ya mahubiri kwenda darasani. Kuna ibada moja, ya Kiswahili, na kila mtu anakaa na watu wa kwao.

Jumapili nyingine tunashuka matatu pamoja, tunafika langoni, kisha kila mtu anashika njia yake. Baba watoto ni mshereheshaji wa ibada ya kwanza, kwa hiyo yeye huwa keshatangulia. Kifungua mimba wangu, ambaye sasa ana miaka 16, anaelekea kwa vijana, na mdogo wake kwa watoto. Mimi na mama mkwe tunaingia ndani. Sipingi mpangilio huo. Watoto wanafundishwa vizuri, na vijana wanauliza maswali ambayo hawangethubutu kuuliza mbele ya wazee. Lakini nimekuwa nikisikia kwamba kuna kitu kinapotea pale langoni, na nilijua ni nini mwaka 2020.

Machi mwaka huo makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Julai yalipofunguliwa, masharti yalikuwa haya: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja tu, na wasiruhusiwe walio chini ya miaka 13 wala waliopita miaka 58. Nilisoma masharti hayo mara mbili kwenye simu, kisha nikahesabu watu wa nyumba yangu. Wanangu walikuwa na miaka 11 na sita. Mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Dani, alikuwa na 69. Tuliobaki ni mimi na mume wangu.

Tulienda sisi wawili. Tukapimwa joto mlangoni, tukanawa, tukaelekezwa kwenye benchi letu lilelile la tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha. Sikuwa nimewahi kujua benchi lile ni refu kiasi kile. Huku mwisho, mahali pa Dani, palikuwa na alama ya karatasi nyekundu kwamba hapakaliwi. Katikati, mahali ambapo mdogo hulala akiniegemea mahubiri yakirefuka, palikuwa na alama nyingine. Tuliimba tukiwa tumefunika midomo. Nilijitahidi kuomba, lakini macho yalikuwa yanarudi kwenye zile karatasi.

Tuliporudi, Dani alikuwa ameketi nje na wajukuu wake wawili, wote wamevaa nguo za kanisani. Nakumbuka soksi nyeupe za yule mdogo, zimevutwa hadi magotini. Dani akatuuliza, "Haya, mmetuletea nini?"

Nikakosa jibu.

Tangu Jumapili iliyofuata hatukuenda tena hadi masharti yalipolegezwa. Tulikaa chini ya mparachichi wa ploti. Dani ana chumba chake palepale kwenye ploti, milango miwili kutoka kwetu, kwa sababu kwa mila zao Waluo mama halali nyumbani kwa mwanawe, na kwake jambo hilo halina mjadala. Kwa hiyo mti ule ulikuwa katikati ya mlango wake na wetu. Tulitoa viti vya plastiki, stuli na mkebe wa siagi uliokwisha, ambao ndio uliokuwa sahani ya sadaka. Mdogo ndiye alikuwa mshika sadaka. Alipitisha mkebe kwa watu wanne kwa uzito wote wa mzee wa kanisa, kisha akasimama mbele ya kila mmoja hadi asikie sarafu imelia.

Ibada aliiongoza Dani. Hakuwa na kitabu. Amekulia karibu na Maseno, ambako wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifungua kituo mwaka 1906, na baba yake alikuwa mtu wa kanisa. Alitusimulia walivyokuwa wakitoka nyumbani alfajiri, watoto mbele, wazazi nyuma, na jinsi baba yake alivyokataa kuanza safari mpaka wa mwisho atoke nyumbani. Sala zote ziko kichwani mwake, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kijaluo. Alipokuwa akiomba kwa Kijaluo sisi wengine tulisema amina pale sauti yake iliposhuka. Mimi ni wa Njoro, Kijaluo changu ni cha salamu na cha jikoni tu, lakini majina yetu niliyasikia yote. Kila Jumapili alimtaja kila mmoja wetu, na baada ya jina anabaki kimya kidogo kama mtu anayeweka kitu mezani.

Kuna sehemu moja ya ibada ambayo watoto waliipenda kuliko zote. Ushirika Mtakatifu wetu sisi Waanglikana wa Kenya, katika ibada iliyotoka mwaka 1989, una baraka ya mwisho yenye asili ya Waturkana. Anayeongoza anataja shida zetu zote, ugumu wetu wote, na kazi zote za yule mwovu, na kila anapotaja, watu wanajibu kwamba wanavipeleka kwenye msalaba wa Kristo, huku wakirusha mkono kuelekea msalabani kama mtu anayetupa taka shimoni. Mwisho yanatajwa matumaini yetu, na hapo mikono inapanda juu. Chini ya mparachichi hapakuwa na kasisi wala Ushirika, lakini Dani hakuona sababu ya kutunyima maneno hayo. Msalaba wetu ulikuwa vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba ya mkonge kwenye shina. Mdogo alirusha mkono kwa nguvu zake zote, siku moja akaangusha chai ya jirani aliyekuwa amekuja kukaa nasi. Jirani si wa kanisa letu. Alianza kwa kusikiliza akiwa mlangoni kwake, baadaye akaja na kiti chake.

Watu husema ibada ya familia inaleta amani nyumbani. Mimi nasema inaleta familia mahali ambapo haiwezi kujificha. Mwaka jana baba watoto alimkopesha ndugu yake pesa za karo bila kuniambia. Nilijua Alhamisi. Hatukusemezana Ijumaa wala Jumamosi, na Jumapili, ambayo ilikuwa ya tano, tukakaa benchi moja, watoto katikati yetu kama ukuta. Ikafika pale pa kupeana amani. Nilisalimia waliokuwa mbele, waliokuwa nyuma, nikamsalimia Dani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilipogeuka, mkono wa mume wangu ulikuwa umenyooshwa juu ya vichwa vya watoto, unangoja. Niliushika. Sitasema kwamba hasira iliisha, kwa maana haikuisha. Lakini jioni tulikaa mezani na kalamu na karatasi, tukapiga hesabu ya karo mstari kwa mstari, na sidhani tungefika mezani kama si mkono ule.

Na sasa yupo huyu wa miaka 16. Tangu mwaka uanze anasema kanisa linachosha. Sikutaka kumburuta, na sikutaka kumwacha. Nilimpelekea Dani shauri hilo, nikitarajia amwite amwonye. Akasema, "Mwanangu, mtoto huyo mpe kazi. Mimi magoti yangu hayapandi zile ngazi peke yangu." Basi kazi ikawa hiyo. Kila Jumapili anamshika bibi yake mkono kutoka chumbani hadi kwenye benchi, kisha anaenda kwa vijana. Siku za Jumapili ya tano anabaki. Macho ya Dani yamechoka pia, kwa hiyo binti anamtafutia namba ya wimbo, anashika kitabu, na kidole chake kinatembea chini ya mistari, ingawa wote wawili wanajua kwamba Dani hahitaji kusoma.

Leo baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida, nasi tukapata trei ya mayai na mkungu mdogo wa ndizi. Lakini ninachotaka kuandika kabla sijalala kilitokea kabla ya hapo, kwenye baraka. Kasisi alipotaja shida zetu zote, Dani alinyanyua mkono, ukafika kifuani ukagoma. Bega limekuwa likimsumbua tangu mvua zianze. Binti yangu hakumtazama. Aliweka kitabu kwenye benchi, akaingiza kiganja chini ya kiwiko cha bibi yake, na mikono ile miwili ikaenda pamoja kuelekea msalabani. Mara ya pili, mara ya tatu. Kisha ikapanda.

Mimi nilikuwa mwisho wa pili wa benchi, mdogo akiwa katikati, na mkono wangu nilikuwa nimesahau kuunyanyua.