Namba za NAICS: tulivyozichagua kwa kampuni yetu ya usafi

Ukitaka kuiuzia serikali ya Marekani huduma yoyote, hata kufagia ofisi, kwa kawaida lazima ujisajili SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo ya wauzaji na zabuni, na huko utaulizwa namba zako za NAICS. Ni namba za tarakimu sita zinazotaja aina ya shughuli. Mbili za mwanzo ni sekta pana, na kila tarakimu inayofuata inazidi kubana. Marekani, Kanada na Meksiko ndio wenye mfumo huu, na ulianza 1997. Wengi hawajui kwamba hakuna ofisi inayokupangia namba hizo, unajichagulia mwenyewe. Usajili nao ni bure. Lakini jina la kampuni yetu lilipoonekana tu, barua pepe zikaanza kumiminika za watu wanaotaka tuwalipe ili "wakamilishe" kitu ambacho kilishakamilika. Zifute.

Tuko wawili, mimi na shemeji yangu, hapa Columbus, Ohio. Tunasafisha ofisi na zahanati usiku, na baridi ikiingia tunaondoa theluji kwenye maegesho ya magari. Shemeji alitaka tuweke kila namba inayokaribiana na ufagio.

"Shem, tuweke zote. Riziki haijulikani itokako."

"Na afisa akipiga simu kuuliza tumewahi kukata miti wapi, utaongea wewe?"

Alicheka, tukakubaliana tuanzie upande wa mnunuzi. Kila zabuni inawekewa namba moja na afisa ununuzi mwenyewe, kwa kuangalia kiini cha kazi. Namba hiyo ndiyo inayobeba kikomo kinachoamua nani ahesabiwe kuwa kampuni ndogo. Tulizoorodhesha sisi zinamsaidia afisa kutuona anapochuja kampuni za eneo lake, basi. Kwa hiyo swali halikuwa "sisi ni nani", lilikuwa "watu wanaonunua kazi kama yetu wanaiandika chini ya namba gani".

Jibu linapatikana bure. USAspending.gov inaonyesha mikataba iliyokwishatolewa na thamani yake, na unaweza kuchuja kwa jimbo, kwa idara na kwa namba ya NAICS. Tulikaa hapo sana. Tulisoma pia matangazo ya zamani kwenye SAM.gov, na tukaangalia kila moja lina namba gani na lina msimbo gani wa PSC, ule unaotaja kitu chenyewe kinachonunuliwa. Usafi wa ndani ya majengo ni S201, na karibu kila penye S201 tuliikuta 561720, namba ya NAICS ya usafi wa majengo.

Hiyo 561720 ikawa namba yetu kuu. Kikomo chake kwa sasa ni dola milioni 22, wastani wa mapato ya miaka mitano. Kwetu fedha hizo ni hadithi, lakini maana yake ni kwamba kampuni inayoingiza milioni 20 kwa mwaka nayo ni "ndogo" na itagombea nasi. Tena usidanganyike na ukubwa wa jumla ya fedha unayoiona USAspending chini ya namba hiyo. Kazi nyingi za kusafisha majengo ya serikali kuu zinakwenda kwa mashirika yanayoajiri wasioona na wenye ulemavu mkubwa, kupitia mpango wa AbilityOne. Hizo hazishindaniwi na sisi wengine, na sioni ubaya. Ila zitoe kwenye hesabu zako kabla hujaanza kuota.

Namba iliyotuvutia zaidi ilikuwa 561210, huduma za uendeshaji wa majengo. Ukisikia jina unadhani ni usafi kwa lugha ya kizungu zaidi. Soma maelezo kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa: inahusu kutoa wafanyakazi wa kazi mchanganyiko ndani ya jengo la mteja, usafi, matengenezo, ulinzi, taka, mapokezi. Kikomo chake ni milioni 47. Tuliiacha, maana sisi mchanganyiko huo hatuufanyi.

Theluji ndiyo ilitupa shida, kwa sababu haina nyumba moja. Kuondoa theluji kwenye maegesho, kazi hiyo peke yake, iko 561790. Ikiunganishwa na kutunza bustani inahamia 561730. Barabara kuu ni kwingine kabisa. Sisi bustani hatugusi, kwa hiyo 561790, na humo humo imo kazi ya kuosha kuta za nje za majengo kwa maji ya presha, ambayo mashine yake tunayo. Madirisha, kwa mshangao wangu, yako 561720.

Shemeji aliuliza pia kama tunaweza kuuza karatasi za chooni, maana tunazinunua kwa wingi. Zabuni za bidhaa haziwekewi namba ya jumla wala ya rejareja. Huwekewa namba ya kiwanda, na karatasi hizo ni 322291. Asiyetengeneza anaruhusiwa kushindana, lakini kuna masharti, mojawapo likiwa asizidi wafanyakazi 500, na kwa kawaida bidhaa itoke kwa mtengenezaji mdogo wa hapa Marekani. Kwetu hilo lilitosha kufunga mjadala.

Niliyoipenda mimi ni 561740, usafishaji wa mazulia na makochi. Kikomo ni milioni 8.5 tu, kwa hiyo wakubwa wa milioni 20 hawahesabiwi wadogo pale. Mashine ya kuvuta maji tunayo, na wateja wa kuwaonyesha tunao. Mshauri wa APEX Accelerator, kituo kinachosaidia kampuni kuiuzia serikali, ambaye halipwi na sisi, alitushauri tusisubiri zabuni bali tujibu matangazo ya awali, yale ambayo idara inauliza nani anaweza kazi fulani kabla haijaamua namna ya kununua. Majibu ya kampuni ndogo ndiyo yanayompa afisa sababu ya kuitenga zabuni kwa wadogo.

Tukajibu moja la mazulia, kurasa mbili: kazi tulizofanya, vifaa, idadi ya watu wetu, na 561740 ikiwa juu kabisa. Tangazo lile lilikuwa na 561720. Tulieleza kwa adabu kwamba kazi yote iliyoandikwa mle ni mazulia. Zabuni ilipotoka ilikuwa imetengwa kwa kampuni ndogo, chini ya 561740, na sasa hivi tunahesabu bei ya kila futi ya mraba.