Kinyozi ndo aligundua kansa yangu imerudi

Nilimaliza kemo (dawa za kansa za dripu) 2014 Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, dripu 12, moja kila wiki mbili, na ile dawa nyekundu ikishaingia tu ukienda chooni mkojo unatoka kama juisi ya rozela. Ugonjwa wenyewe Hodgkin, kansa ya tezi za limfu, zile za kinga ya mwili. Kliniki ikawa kila miezi mitatu, baadae sita, baadae mwaka, ilipofika 2019 nikajisemea miaka mitano imeisha mi mzima, nikaacha kwenda, hakuna aliyenifukuza, uvivu wangu tu na nauli.

2023 niko saluni, kinyozi anashusha mashine nyuma ya sikio akasimama. "Kaka, hiki kinundu mbona juzijuzi hakikuwepo?" Nikagusa, kama punje ya harage, kinateleza, hakiumi hata kidogo. Moyo ukanipiga paa, maana hata cha kwanza hakikuuma. Na mke wangu alishalalamika wiki kadhaa mashuka yanalowa jasho usiku, mi namwambia joto hilo mama.

Hospitali niliyoanzia wakasema TB. Na 2013 nilianza hivohivo, nikameza dawa za TB miezi minne bure na makohozi hayakuwahi kuonyesha kitu. Safari hii nikagoma, simezi kidonge mpaka kinyama kikatwe kikapimwe. Wakavuta kwa sindano kwanza, majibu hayaeleweki, nikarudi wakatoa tezi lote. Imerudi, ileile, miaka tisa baadae.

Kilichonisaidia ni kaunta buku. Niliandika humo tarehe ya kila dripu na kipimo cha kila dawa, na majibu ya kinyama cha kwanza nimeyagundisha ndani. Daktari mpya alikaa nayo na kalikuleta anajumlisha, akanieleza ile nyekundu ina kiwango chake cha mwisho kwa maisha yako yote, ukizidisha moyo unachoka, kwa hiyo nikapelekwa eko (kipimo cha picha ya moyo) kwanza na dawa zikabadilishwa, halafu mionzi ya shingo. Habari ya kwenda India kupandikizwa uboho nilisikia, bei yake nikaiacha hukohuko.

Sasa nimerudi kwenye kila miezi mitatu, na kila mwaka napima damu ya thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo, maana mionzi ya shingoni inaweza kuichosha polepole. Kaunta buku iko ya pili. Na kinyozi siku hizi hawashi mashine kabla hajanipapasa shingo pande zote mbili.