Dau la Ami

Duka la ami yangu la usonara, Kibokoni, Mombasa, lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Likizo zangu nyingi za shule niliishia humo, kazi yangu kushika koleo na kufagia. Kufagia kwa sonara si mchezo: vumbi la sakafuni halitupwi, hukusanywa koponi mpaka mwisho wa mwaka, kisha huchomwa ili itolewe dhahabu iliyodondoka.

Mwaka 2000, nikiwa kidato cha tatu, nilisoma gazetini kwamba Wamarekani wamewasha mtambo pale Brookhaven, New York, wa kugonganisha viini vya dhahabu. Nilimpelekea ami habari hiyo mbio, nikijua itamkera. Nikamwambia atomu ya dhahabu huvuliwa elektroni zake zote 79, kiini kitupu kikakimbizwa kwenye duara la karibu kilomita 4, mwendo wake umebakisha kidogo tu ufikie ule wa mwanga. Kingine huja kutoka upande wa pili, vikapambana.

"Wapate nini?"

Nikamwambia ndani ya protoni na nyutroni mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, zimebanwa na gluoni, chembe zilizo kama gundi yao, na hakuna mtu aliyewahi kukuta kwaki ikitembea peke yake. Zikipata moto wa kutosha, protoni yenyewe huyeyuka, tukapata plazma ya kwaki na gluoni, yaani mchanganyiko wa chembe hizo zikiwa zimefunguliwa, hali iliyokuwapo ulimwengu ulipokuwa na umri wa sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Nikaongeza, kwa kiburi cha kidato cha tatu, kwamba itakuwa gesi, kila kwaki na njia yake.

Ami akacheka. "Mimi dhahabu naipika miaka thalathini. Ikiona moto yawa maji. Moshi wake sijauona."

Tukawekeana dau: kahawa na halwa.

Nijitetee kidogo. Hata wanafizikia wengi walitarajia kitu kama gesi. Nguvu inayozifunga kwaki hulegea kadiri nishati inavyopanda, na kwa kuonyesha hilo Gross, Politzer na Wilczek walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea pamoja na watu wa maana.

Aprili 2005 nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi ya ualimu isiyokuja. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, na ilikuwa wiki ya Maulidi, wanawake wanaleta bangili na vipuli vyao kusafishwa. Nilijibanza saiba, duka la intaneti, kukwepa mvua, na huko ndiko nilikoiona habari: tarehe 18, timu nne za mtambo ule, BRAHMS, PHENIX, PHOBOS na STAR, zimetangaza matokeo yao. Hawakupata gesi. Walipata kioevu, tena chenye kutiririka karibu bila mnato wowote. Nikaisoma mara mbili, nikalipa dakika zangu, nikapitia kwa muuza halwa.

Ami alipoiona sahani alijua. Wala hakuuliza. Alikata kipande, akala, ndipo akasema, "Maji, eh?"

"Maji, ami."

Ni kweli alishinda kwa sababu isiyohusika. Dhahabu yake huyeyuka kwa nyuzi 1,064. Kule joto lilikadiriwa kupita la kitovu cha jua mara zaidi ya laki moja, na kilichobaki si dhahabu tena. Nilijaribu kumweleza hivyo. Akaniambia dau halikuwa na maneno madogo chini.

Lakini swali lake lililofuata lilinishtua. "Wewe wasema tone hilo halidumu hata jicho kufumba. Basi wamejuaje kuwa ni maji?"

Nikachomoa lozi kutoka kwenye halwa. Viini vikigongana kwa ubavu, nikamwambia, sehemu inayopishana huwa na umbo hili. Ingekuwa gesi, kwaki zisizojaliana, chembe zingetawanyika sawasawa pande zote. Hizi zilitoka kwa wingi zaidi kupitia huku kwenye wembamba, ambako msukumo ni mkali. Msukumo wa namna hiyo hutoka kwa vitu vinavyosukumana kwa pamoja. Tone lenyewe hawalioni. Wanahesabu maelfu ya chembe zilizorushwa nje, kisha wanapiga hesabu kurudi nyuma hadi zilikotoka.

Ami hakujibu. Alichukua bangili ya mteja, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akatia tone la asidi juu ya ule mstari wa dhahabu, akautazama ukibadilika rangi. "Karati kumi na nane," akasema. "Mwenyewe aliambiwa ishirini na mbili." Kisha akaninyoshea lile jiwe, kama kwamba ndilo jibu, nami nikaona aibu ya kutofikiria mfano huo mwenyewe.

Kahawa ilipokwisha aliuliza, "Na makombo yake?"

"Makombo gani?"

"Ya hiyo dhahabu. Wameifagia?"

Nikamwambia viini vyote vinavyozunguka mle kwa wakati mmoja, ukivikusanya, havifikii hata sehemu moja ya bilioni ya gramu. Akaitazama mizani yake kwa muda.

"Lakini hawakufagia," akasema, akanipa ufagio.