Data Isiyopikwa: Mazoezi ya Sayansi Barazani

Kila likizo ya katikati ya mwaka huwa ninawapokea barazani kwangu, hapa Morogoro, vijana wachache wa Kidato cha Nne wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa wa Novemba. Huja na madaftari matatu, la Fizikia, la Kemia na la Baiolojia, pamoja na rundo la mitihani ya miaka iliyopita ambayo imetolewa nakala mara nyingi hata maandishi yamefifia. Safari hii niliwaomba wayaweke yote pembeni. Nikatoa uzi, jiwe dogo, rula ya mita moja na simu ya kupimia sekunde, nikawaambia watafute mchapuko wa uvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, kwa kutumia pendulamu, jiwe linalobembea kwenye uzi.

Kundi la kwanza lilimaliza mapema mno. Grafu yao, ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu wa uzi, ilikuwa safi kupita kiasi, nukta zote tano zimelala juu ya mstari kama shanga kwenye uzi, na jibu lilikuwa lile la vitabuni, mita 9.8 kwa sekunde mraba, bila kasoro. Nilipouliza ni nani aliyehesabu mibembeo ya uzi wa sentimita 60, walitazamana, kisha mmoja akainamisha kichwa. Walikuwa wameichukua kanuni wanayoijua, wakaanza na jibu na kurudi nyuma hadi kwenye vipimo. Wanafunzi wana jina la jambo hilo tangu enzi zetu: kupika data.

Kundi la pili, la wasichana watatu, lilipata 10.9. Walikuwa tayari wameshika kifutio waliponiuliza, “Mwalimu, tumekosea, tufute tuanze upya?” Niliwasihi wasifute hata tarakimu moja, nikamwomba mmoja wao abembeze jiwe tena mbele yangu. Akavuta uzi wa mita moja pembeni kidogo, akaliachia jiwe, na wakati uleule alipobonyeza saa akatamka, “Moja.” Hapo ndipo kosa lilipokuwa limejificha. Jiwe linapoachiwa bado halijabembea hata mara moja, kwa hiyo hesabu ilipaswa kuanzia sifuri. Alipofika “ishirini” jiwe lilikuwa limekwenda na kurudi mara 19 tu, na saa ikasoma sekunde 38 badala ya 40. Wao wakagawanya 38 kwa 20, wakapata sekunde 1.9 kwa mbembeo mmoja, na kanuni ikawarudishia 10.9 kwa uaminifu kabisa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba grafu yao nayo ilikuwa mstari ulionyooka unaopita kwenye asili, yaani nukta ya sifuri kwa sifuri, kwa sababu kosa la kuhesabu mbembeo mmoja usiokuwapo katika kila ishirini huvipunguza vipimo vyote kwa uwiano uleule. Mstari kunyooka, basi, hakuthibitishi kwamba umepima sawasawa. Tuliendelea na jambo la pili, ambalo ni kupima urefu wa uzi mpaka kwenye fundo badala ya kufika katikati ya jiwe. Kosa hilo halibadilishi mteremko wa grafu hata kidogo, ila huusogeza mstari mzima usipite kwenye asili, na mwanafunzi aliyezoea kuchora akiwa na jibu kichwani huulazimisha upite hapo kwa rula. Tulikaa juu ya uzi na jiwe kwa saa mbili na nusu, na sioni kwamba tulipoteza muda, maana kwa kosa moja la kweli walijifunza maana ya grafu zaidi kuliko kwa karatasi kumi za maswali.

Sisemi haya kwa kuwalaumu vijana. Mimi mwenyewe nilisoma katika shule ambayo bureti moja, ule mrija mrefu wenye koki wa kupimia kimiminika, ilizungukwa na darasa zima, na siku ya mtihani wa vitendo mikono yangu ilitetemeka kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya pili kuishika. Mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kukosea kwa kipimo atapika, kwa sababu kupika ndiyo njia pekee aliyoonyeshwa ya kulifikia jibu.

Kwa upande wa Kemia tuliazima maabara ya shule jirani kwa asubuhi moja. Titresheni, yaani kudondosha asidi kutoka kwenye bureti hadi iimalize alkali iliyopimwa, ina ugonjwa uleule, nao hujitokeza katika jedwali lenye 24.50, 24.50 na 24.50. Inawezekana kupata usomaji unaofanana mara tatu, lakini kwa mwanafunzi anayejifunza bado kufunga koki, mimi huamini zaidi jedwali lenye tofauti ya tone moja au mawili, ambalo jaribio lake la awali limezidi kidogo na halikuingizwa kwenye wastani. Kijana mmoja alipata ujazo wa asidi uliowazidi wenzake wote kwa karibu sentimita moja ya ujazo. Tulimfuatilia hatua kwa hatua, tukagundua kwamba chupa yake ya kumenyushia, ile inayopokea asidi chini ya bureti, aliisuuza kwa alkali yenyewe, akidhani anafanya usafi wa hali ya juu. Matone yaliyobaki ukutani mwa chupa yaliongeza alkali juu ya ile aliyoipima kwa pipeti, hivyo asidi zaidi ikahitajika. Chupa hiyo husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu, kwani maji yanayobaki ndani yake hayabadilishi kiasi cha alkali kilichopimwa. Bureti ndiyo inayomalizia kusuuzwa kwa kimiminika kitakachojazwa humo, ili kisije kikazimuliwa. Kanuni hiyo wote walikuwa wameikariri, lakini sababu yake waliielewa siku hiyo.

Katika Baiolojia upishi huwa wa maneno. Mwanafunzi huandika “wanga upo” kwenye safu ya alichokiona, ilhali wanga hautambuliki kwa jicho tu ndani ya mrija. Alichokiona ni rangi ya kahawia ya iodini kugeuka kuwa bluu iliyoiva hadi kukaribia nyeusi, na kuwapo kwa wanga ni hitimisho lake. Tulikata ndizi mbichi na ndizi iliyoanza kuiva, tukadondoshea iodini tuliyoinunua duka la dawa na kuizimua kwa maji. Wengi walikuwa wameshaandika kabla ya kudondosha kwamba ndizi ya njano haina wanga, kwa sababu ni tamu. Mabaka meusi yalipojitokeza juu yake, ikabidi wakubali kwamba kuiva ni safari, na kwamba sukari na wanga hukaa pamoja njiani.

Siku hiyohiyo binti mmoja alitia iodini katika uji mwepesi wa muhogo uliokuwa umetoka kuchemka, asione rangi yoyote ya bluu. Nilimwomba asimwage. Tuliuacha mrija upoe, na mbele ya macho yetu bluu ikarudi polepole, kwa kuwa joto kali huvunja mshikamano wa iodini na wanga, na ubaridi huurudisha. Swali alilokuja nalo lilikuwa la Baiolojia, maelezo yake yakawa ya Kemia, na kipimo tulichokihitaji, yaani kipimajoto, kilikuwa cha Fizikia. Ndiyo maana sipendi ratiba inayoyatenga masomo haya kana kwamba ni ya watu watatu tofauti.

Mijadala yote tuliifanya kwa Kiswahili, kisha kila mmoja akaandika ripoti yake kwa Kiingereza cha mtihani. Nimeshuhudia mara nyingi mwanafunzi aliyelielewa jambo akilipoteza kwa kuanza kutafuta maneno kabla ya kutafuta maana, na kwa sababu hiyo mpangilio huu siuachi.

Jioni ya mwisho niliwasimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa frijini ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, wenzake wakamcheka, lakini mgeni huyo alirudi Dar es Salaam akaagiza lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao walilichapisha. Watafiti bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na wengine wamelirudia bila kupata matokeo kama yake. Binti wa 10.9 aliuliza kama Mpemba angeandika alichotarajiwa kuandika, tungelijua jina lake. Kisha akaomba aazimwe uzi na rula kwa usiku mmoja.

Asubuhi alikuja na karatasi yenye safu mbili za vipimo, na juu ya safu ya kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu: “Nilihesabu kuanzia sifuri.” Mteremko wa grafu yake ulimpa 9.7. Hakuurekebisha, bali aliketi akaanza kutafuta ile 0.1 imepotelea wapi.